Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Kutangaza Besiboli Redioni

Tulipoandika kwa ufupi habari za Bob Uecker, mtangazaji wa redio wa timu ya Milwaukee Brewers aliyefariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 90, tulidhani jambo lingeishia hapo. Badala yake zimeingia barua ambazo haziulizi sana kuhusu mchezo wenyewe kama zinavyouliza kuhusu kazi: mtu huipataje, huiishije, na kwa nini wanaoipata huishikilia hadi uzeeni. Tumechagua chache. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali nayo hayalingani kwa uzito.

Swali: Ndugu Mhariri, mlisema Uecker alitangaza mechi za timu moja kwa misimu 54. Je, huo ni mfano wa pekee, au ndivyo kazi hiyo ilivyo?

Jibu: Waliofika huko ni wachache, lakini hayuko peke yake. Vin Scully aliingia katika chumba cha matangazo cha Dodgers mwaka 1950, timu hiyo ilipokuwa bado Brooklyn, New York, akahama nayo kwenda Los Angeles mwaka 1958, na hakustaafu hadi mwaka 2016, baada ya misimu 67. Jaime Jarrín, aliyeitangaza timu hiyohiyo kwa Kihispania, alikuwa amefikisha misimu 64 alipostaafu mwaka 2022. Denny Matthews alianza kuitangaza Kansas City Royals katika msimu wa kwanza kabisa wa timu hiyo, mwaka 1969, na nusu karne baadaye alikuwa bado kwenye kiti chake.

Sababu kubwa iko katika kalenda. Timu ya Ligi Kuu ya Marekani hucheza mechi 162 za msimu wa kawaida, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku, na kila mechi huchukua saa mbili na nusu au zaidi. Msikilizaji anayeifuata timu yake redioni huisikia sauti ya mtangazaji mara nyingi kuliko anavyosikia sauti za ndugu zake wengi, awe anapika, anaendesha gari au amelala kitandani taa zimezimwa. Wachezaji huuzwa, makocha hufukuzwa, na timu zenyewe hubadilisha wamiliki. Mtangazaji ndiye anayebaki, na akishakaa miaka kumi uongozi huona kwamba kumwondoa kuna hasara kubwa kuliko kumwacha. Yeye mwenyewe pia hana haraka ya kuondoka, kwa sababu juu ya kiti chake hakuna ngazi nyingi zilizobaki isipokuwa runinga, na wapo wengi wanaoona kwamba runinga huwanyang'anya kazi wanayoipenda, kwa kuwa mtazamaji anajionea mwenyewe.

Matokeo yake ni foleni ambayo haisogei. Timu za Ligi Kuu ni 30, na kila moja huwa na watangazaji wawili au watatu wa redio kwa Kiingereza. Kwa hiyo ligi nzima ina viti visivyofika mia moja, na kuna miaka ambayo vinavyoachwa wazi vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Lakini msidhani kwamba kukaa muda mrefu ni sawa na kuwa na usalama wa kazi. Mel Allen, sauti ya New York Yankees tangu mwaka 1939, aliachishwa baada ya msimu wa 1964 bila wasikilizaji kupewa maelezo. Ernie Harwell wa Detroit Tigers, aliyekuwa ameitangaza timu hiyo tangu mwaka 1960, aliambiwa mwishoni mwa mwaka 1990 kwamba msimu uliofuata ungekuwa wake wa mwisho. Mashabiki walichachamaa kiasi kwamba timu ilipopata mmiliki mpya alirudishwa mwaka 1993, naye akaendelea hadi alipostaafu kwa hiari yake mwaka 2002. Kilichomrudisha Harwell ni mapenzi ya wasikilizaji, jambo ambalo haliandikwi katika mkataba wowote.

Swali: Naomba kujua ngazi zenyewe. Kuna chuo kinachofundisha kazi hii, na je, sauti nzuri inatosha?

Jibu: Hakuna shahada ya kutangaza besiboli, ila kuna vyuo vikuu ambavyo redio zake za wanafunzi zimetoa watangazaji wengi. Fordham, jijini New York, ina kituo cha WFUV kilichoanza mwaka 1947, na Scully alikuwa miongoni mwa sauti zake za mwanzo. Syracuse ina kituo cha WAER, alikopitia mtangazaji maarufu Bob Costas. Katika vituo hivyo mwanafunzi hutangaza mechi halisi za chuo chake, hukosea mbele ya wasikilizaji halisi, na hutoka na rekodi za kumwonyesha mwajiri. Wakati wa kiangazi wengine huenda kwenye Ligi ya Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts, ambako wachezaji ni wanafunzi wa vyuo na walioko kwenye kipaza sauti mara nyingi ni wanafunzi pia.

Baada ya hapo huja ligi ndogo, na hapo ndipo mlango unapokuwa mwembamba. Chini ya timu 30 za Ligi Kuu zipo timu 120 za kukuzia wachezaji, zilizogawanywa katika madaraja manne, kutoka Single-A, la chini kabisa, hadi Triple-A. Mtangazaji wa timu hizi mara nyingi hukaa peke yake chumbani, bila mchambuzi wa kupokezana naye maneno, akazungumza mfululizo kwa awamu zote tisa za mechi, ambazo katika kila moja timu zote mbili hupiga kwa zamu. Na kutangaza ni sehemu tu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mchana huwa ameshafika uwanjani kuandaa kabrasha la takwimu kwa ajili ya waandishi wa habari, kuandika taarifa za tovuti, kumhoji kocha na, katika timu nyingi, kupiga simu za kuuza matangazo ya biashara au tiketi za vikundi. Mvua ikinyesha, si ajabu kumwona akisaidia kuburuta turubai kubwa la kufunikia uwanja, kisha akapanda tena ngazi, viatu vimejaa tope, kuwaeleza wasikilizaji kwamba mechi imesimama. Msafara ukiwa ugenini hupanda basi moja na wachezaji, na safari ya usiku kucha si habari ya kusimulia mtu.

Malipo ya huko ni madogo, na wengi hulipwa kwa msimu tu, hivyo miezi ya baridi hutangaza mpira wa kikapu au magongo ya barafuni, ama hufanya kazi zisizohusiana kabisa na redio. Wapo waliokaa katika ligi ndogo miaka 15 au 20 wakiwa na uwezo usiotiliwa shaka, na simu kutoka juu haikuwahi kulia. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo ambalo vijana hawaambiwi mapema vya kutosha: kushindwa kupanda katika kazi hii mara nyingi hakusemi lolote kuhusu kipaji cha mtu.

Bahati nayo ina njia zake. Mwaka 1948 Red Barber, mtangazaji mkuu wa Brooklyn Dodgers, aliugua vidonda vya tumbo, na Branch Rickey, aliyeiongoza timu hiyo, akamtaka Harwell, ambaye wakati huo alikuwa akiitangaza Atlanta Crackers ya ligi ndogo. Rais wa Crackers alikubali kumwachia kwa sharti moja: apewe Cliff Dapper, mdakaji (yule anayekaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira uliorushwa), aliyekuwa akicheza katika timu ya Montreal iliyo chini ya Dodgers. Makubaliano yakafanyika, na Harwell akaingia katika historia kama mtangazaji aliyetolewa na timu yake ili ipewe mchezaji.

Njia ya pili ni kuwa mchezaji kwanza. Jack Graney, aliyeichezea Cleveland, alianza kuitangaza timu hiyo redioni mwaka 1932, naye ndiye mchezaji wa zamani wa Ligi Kuu aliyetangulia wengine wote katika kazi hiyo. Wachezaji wa zamani kwa kawaida huingia kama wachambuzi, kazi yao ikiwa kueleza kwa nini jambo limetokea, huku mtangazaji mkuu akieleza nini kimetokea. Uecker ni tofauti, kwa kuwa alipanda hadi akawa mtangazaji mkuu. Uchezaji wake ulikuwa wa kawaida kabisa, wastani wake wa kupiga mpira katika Ligi Kuu ukiwa 0.200, yaani pigo moja lililofanikiwa kwa kila majaribio matano, na alijitania kwa hilo maisha yake yote. Sidhani kama nyota mkubwa angeweza kujicheka kwa namna ile bila kuonekana anajigamba kinyumenyume.

Kuhusu sauti, angalieni waliofanikiwa. Harry Caray, aliyetangaza St. Louis, Oakland na kisha timu zote mbili za Chicago, alikuwa na sauti ya kukwaruza. Barber alizungumza kwa lafudhi ya kusini mbele ya wasikilizaji wa Brooklyn, nao wakampenda. Barber huyohuyo ndiye aliyemshauri kijana Scully asiwasikilize watangazaji wengine, asije akaipunguza ile sehemu ya nafsi yake ambayo hakuna mwingine angeweza kuileta chumbani.

Swali: Besiboli ina vipindi virefu vya kusubiri. Mtangazaji wa redio hufanya nini hasa kwa saa zote hizo?

Jibu: Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko mengine, maana ndani yake ndimo ilimo kazi yenyewe.

Jambo la kwanza ni matokeo. Msikilizaji wa redio huingia na kutoka. Aliyewasha gari sasa hivi hajui lolote, naye hawezi kutupa jicho kwenye pembe ya kioo kama mtazamaji wa runinga. Barber aliweka mbele yake kichupa kidogo cha mchanga cha kupimia muda wa kuchemsha yai, kile cha dakika tatu, na kila mchanga ulipokwisha kushuka alitaja matokeo na kukigeuza upya. Njia hiyo ni rahisi mno, lakini wapo watangazaji wa leo, wenye kompyuta mbili mezani, wanaokuacha dakika kumi ukijiuliza nani anaongoza.

Jambo la pili ni hali ya mchezo: awamu ya ngapi, wangapi wametolewa (wakifika watatu, zamu ya timu hiyo kupiga imekwisha), nani yuko kituo gani kati ya vile ambavyo mkimbiaji lazima avipitie ili apate pointi, na hesabu ya mipira, yaani mirusho iliyokwenda vibaya, na straiki, yaani mirusho mizuri ambayo mpigaji aliyepo ameikosa au kuiacha ipite. Hali hiyo hubadilika kila mpira unaporushwa, na kila timu hurusha zaidi ya mipira mia moja kwa mechi. Ili asipotee, mtangazaji huandika. Mbele yake kuna daftari la mechi lenye kisanduku kwa kila zamu ya mpigaji, na kila nafasi uwanjani ina namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji 2, walinzi wa vituo vya kwanza, pili na tatu ni 3, 4 na 5, yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu ni 6, na walinzi watatu wa nyuma, kutoka kushoto kwenda kulia, ni 7, 8 na 9. Kukiwa na mkimbiaji kituo cha kwanza, mpira ukigongwa chini kumwelekea namba 6, naye akampa namba 4 aliyekwisha kukanyaga kituo cha pili, kisha huyo akautupa kwa namba 3, watu wawili wametolewa kwa pigo moja. Mtangazaji ameyasema yote hayo kwa pumzi moja, na mkono wake umeandika 6-4-3 bila macho kutoka uwanjani. Mpigaji akitolewa kwa straiki tatu huandikwa K. Akiwa alisimama tu akiitazama ya tatu ikipita, wengi huigeuza hiyo K ielekee nyuma.

Jambo la tatu ni macho yenyewe. Mpira ukipigwa juu na mbali, mtangazaji mchanga huufuata mpira, na hapo ndipo anapodanganyika, kwa kuwa kutoka chumba cha juu kila mpira unaopaa unaonekana kama unatoka nje ya uzio. Barber alijizoeza kumtazama mlinzi wa nyuma: akitulia na kuinua mkono, ataudaka, akikimbia akiwa ameupa uwanja mgongo, jiandae kupandisha sauti.

Baada ya hayo matatu ndipo hadithi zinaporuhusiwa. Scully alikuwa na uwezo wa kuanza kisa cha utotoni mwa mchezaji, akakikatisha katikati ya sentensi ili atangaze mpira uliorushwa, akakirudia palepale alipokiachia, na kukimaliza kabla mpigaji hajatolewa. Alijua pia kunyamaza. Tukio kubwa likitokea, aliacha umati usikike kwa muda mrefu, na ndipo akazungumza. Usiku wa tarehe 9 Septemba 1965, mrushaji wa Dodgers Sandy Koufax alipowatoa wapigaji wote 27 wa Chicago Cubs bila hata mmoja kufika kituoni, Scully alikuwa akitaja saa na dakika katika awamu ya mwisho, na ilipokwisha akasema ni saa 3 na dakika 46 usiku, ili rekodi ya sauti ibaki na muda wake. Ni kitu kidogo, lakini mtu asiyefikiria redio hangekikumbuka.

Miaka ya kwanza ya Dodgers mjini Los Angeles walicheza katika uwanja wa Coliseum, ambao viti vyake vingi vilikuwa mbali mno na mchezo. Mashabiki wakazoea kuja na redio ndogo za transista, wakawa wanamsikiliza Scully akiwaeleza kilichokuwa mbele ya macho yao wenyewe. Siku moja, mchezo ukiwa umepoa, aliwaambia kwamba mwamuzi Frank Secory anasherehekea siku yake ya kuzaliwa, akahesabu hadi tatu, na uwanja mzima ukampa heri kwa sauti moja.

Swali: Nimesikia kwamba Ronald Reagan, kabla ya kuwa rais, alitangaza mechi ambazo hakuziona. Ni kweli au ni porojo?

Jibu: Ni kweli, na wala hakuwa peke yake. Mechi ya kwanza ya Ligi Kuu kutangazwa redioni ilitoka uwanjani: tarehe 5 Agosti 1921, Harold Arlin wa kituo cha KDKA alikaa kwenye viti vya watazamaji mjini Pittsburgh na kueleza jinsi Pirates walivyoifunga Philadelphia 8-5. Lakini kumpeleka mtangazaji ugenini kuligharimu fedha nyingi, na kwa miaka mingi vituo vilipendelea kumweka studioni, karani wa telegrafu akimpokelea taarifa za mkato kutoka uwanja wa mbali. Karatasi ilisema tu kwamba straiki imepigwa au mpira umedakwa. Mengine yote, jua, vumbi na mpigaji anayejifuta jasho, yalitoka kichwani mwa mtangazaji. Wengine waligonga kijiti mezani ili pigo lisikike, na sauti ya umati ikatoka kwenye santuri.

Reagan aliifanya kazi hiyo katika kituo cha WHO cha Des Moines, Iowa, akitangaza mechi za Chicago Cubs. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku moja laini ya telegrafu ilikatika mpigaji akiwa tayari amesimama. Kwa kuwa mpira unaochepuka nje ya mistari ya pembeni hauingii katika takwimu za mechi, alimfanya mpigaji achepushe mpira mmoja baada ya mwingine, akaeleza watoto wakiugombania, akaendelea hivyo kwa dakika kadhaa hadi laini iliporudi. Karatasi ikamwambia kwamba mpigaji alikuwa ametolewa kwa mpira wa kwanza kabisa. Mwaka 1937 aliambatana na Cubs katika mazoezi yao huko California, akapata nafasi ya kujaribiwa na kampuni ya filamu ya Warner Bros., na redio ikampoteza.

Mtindo huo ulififia katika miaka ya 1950. Kuna wanaousifu kama sanaa. Mimi nauona kama ustadi mkubwa uliotumika mahali ambapo msikilizaji alistahili kuambiwa wazi mtu anayezungumza yuko wapi.

Swali: Ndugu Mhariri, mtangazaji hulipwa na nani? Na kama analipwa na timu, anaweza kuisema timu hiyo inapovurunda?

Jibu: Inategemea mkataba. Timu nyingine huwaajiri watangazaji moja kwa moja. Kwingine mwajiri ni kituo kilichonunua haki za matangazo. Lakini hata huko timu kwa kawaida huwa na kauli katika uteuzi. Zamani wadhamini, hasa kampuni za bia, walikuwa na nguvu kubwa kiasi kwamba mtangazaji alihesabiwa kuwa muuzaji wao, naye alisoma tangazo la bia kwa sauti ileile aliyotumia kuelezea mchezo.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa Barber, ingawa siku hiyo alikuwa kwenye runinga. Tarehe 22 Septemba 1966 alikuwa akiitangaza Yankees, iliyokuwa mkiani mwa ligi, na uwanja wao mkubwa ulikuwa na watazamaji 413 tu waliolipa. Barber alitaka kamera zionyeshe viti vitupu. Ombi hilo halikukubaliwa. Akawaambia watazamaji wa runinga kwamba umati huo mdogo ndio habari ya siku. Siku chache baadaye akaarifiwa kwamba mkataba wake hautaongezwa.

Wengine walipona kwa kusema ukweli kwa namna ambayo haimdhalilishi mtu. Mtangazaji anayesema kwamba mlinzi amekosa mpira aliopaswa kuudaka amefanya kazi yake. Akianza kumkejeli, ameingia katika jambo jingine. Na wapo wanaoishangilia timu yao waziwazi, hasa Chicago, ambako wasikilizaji wanalipenda hilo na hawadanganyiki nalo. Shida ninayoiona ni kwa yule anayejifanya hana upande, huku akificha makosa ya timu inayomlipa.

Swali: Je, mtu aliyezaliwa nje ya Marekani, asiyeukulia mchezo huo, anaweza kufika katika Ligi Kuu?

Jibu: Jarrín ndiye jibu lako. Alizaliwa Cayambe, Ecuador, akahamia Los Angeles mwaka 1955 akiwa na uzoefu wa redio na bila uzoefu wowote wa besiboli. Dodgers walipowasili mwaka 1958, kituo chake cha KWKW kilichukua matangazo ya Kihispania, na René Cárdenas kutoka Nicaragua akawa mtangazaji wa kwanza wa kudumu wa lugha hiyo katika Ligi Kuu. Jarrín alitakiwa kujiunga, akaomba kwanza apewe muda wa kujifunza mchezo, akaanza mwaka 1959. Katika miaka ya mwanzo hawakusafiri na timu: walikaa studioni wakiwasikiliza Scully na mwenzake kwa Kiingereza, na papo hapo wakaitangaza mechi ileile kwa Kihispania, jambo linalohitaji masikio na kinywa kufanya kazi kwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Mrushaji Fernando Valenzuela, kijana wa Meksiko, alipoutikisa mchezo mwaka 1981, Jarrín ndiye aliyekuwa mkalimani wake mbele ya waandishi. Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Ford C. Frick, ambayo Ukumbi wa Magwiji wa Besiboli wa Cooperstown hutoa kwa mtangazaji mmoja kila mwaka tangu 1978, tuzo hiyo ilipoanza kwa Allen na Barber kwa pamoja.

Swali: Mbona majina yote mnayoyataja ni ya wanaume?

Jibu: Kwa sababu mlango ulifungwa kwa muda mrefu sana, wala hakuna sababu ya kulipamba jambo hilo. Suzyn Waldman aliingia katika matangazo ya redio ya Yankees kama mchambuzi wa kudumu mwaka 2005, wa kwanza kwa wanawake wa Ligi Kuu, baada ya miaka mingi ya kuripoti habari za timu hiyo huku akitukanwa kwa barua. Mwaka 2020 Melanie Newman alianza kutangaza mechi za Baltimore Orioles baada ya kupitia ligi ndogo. Idadi bado ni ndogo, na foleni isiyosogea niliyoieleza hapo juu huwaumiza zaidi waliochelewa kuruhusiwa kuipanga.

Swali: Je, kazi hii bado ina maisha? Na kama nataka kuijaribu, nianze na nini?

Jibu: Imebadilika kwa mambo mawili. La kwanza ni saa ya mrushaji. Tangu mwaka 2023 mrushaji hupewa sekunde 15 za kurusha mpira kama vituo ni vitupu, na kidogo zaidi kama vina wakimbiaji. Wastani wa mechi ya awamu tisa ukashuka kutoka saa 3 na dakika 4 mwaka 2022 hadi saa 2 na dakika 40. Zile dakika zilizopotea ndizo zilizokuwa za hadithi, na anayejifunza leo lazima asimulie kwa sentensi mbili kile ambacho Scully alikigawanya katika zamu nzima ya mpigaji.

La pili ni ubanaji wa matumizi. Wakati wa janga la mwaka 2020 watangazaji walitangaza mechi za ugenini wakitazama skrini katika uwanja wa nyumbani, na baadhi ya wenye timu wakaona fedha za safari zinaweza kubaki mfukoni. Mwaka 2021 Toronto Blue Jays waliondoa kabisa matangazo tofauti ya redio na kuwarushia wasikilizaji sauti ya runinga. Mtangazaji wa runinga hasemi mpira umekwenda wapi kwa sababu mtazamaji anauona; kwa hiyo aliyekuwa na redio alisikia kelele za umati na hakujua zimetokana na nini. Mwaka uliofuata matangazo ya redio yalirudishwa. Kwa upande mwingine, intaneti imemwezesha msikilizaji aliye popote kuifuata timu yake, na hata timu za ligi ndogo husikika mbali kuliko mnara wao wa redio ungewahi kufika.

Kuhusu pa kuanzia, Jon Miller, ambaye amekuwa akitangaza San Francisco Giants tangu mwaka 1997, alipokuwa kijana alichukua kinasa sauti hadi viti vya juu vya uwanja wa Candlestick Park na kutangaza mechi peke yake, watu wakimgeukia. Fanya hivyo, kisha sikiliza rekodi yako siku ya pili na uhesabu umetaja matokeo mara ngapi. Ukifika wakati wa kuomba kazi, usitume mkusanyiko wa mayowe ya ushindi, maana kila mwombaji anayo. Mwajiri mzoefu hutaka nusu awamu nzima, yaani zamu ya timu moja kupiga, isiyokatwa, ikiwezekana ambayo wapigaji watatu walitolewa mmoja baada ya mwingine na hakuna kilichotokea, kwa kuwa nusu awamu za namna hiyo ndizo utakazozitangaza kuanzia Aprili hadi Septemba.